Baiskeli ya umeme iliyofungwa Mtwara: gurudumu safi, betri nzuri, nyaya bado

Karakana inayokaguliwa hapa iko Mtwara mjini. Inapokea baiskeli za umeme zikiwa vipande ndani ya maboksi, inazifunga, inatengeneza betri zake yenyewe, na kumkabidhi mteja baiskeli iliyo tayari kwa barabara. Jina lake tunaliacha, kwa kuwa kasoro zitakazotajwa utazikuta pia kwa mafundi wengine kuanzia Mikindani hadi Lindi, na mnunuzi atanufaika zaidi akijua pa kuangalia. Zilizokaguliwa ni baiskeli tatu za aina moja: ringi za inchi 26, mota ya wati 500 ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, betri ya volti 48 yenye ampea-saa 13, breki za diski za kuvutwa kwa waya, na keria ya chuma.

Gurudumu la nyuma ni zuri sana, zuri kuliko magurudumu mengi yanayokuja yamekwisha kufungwa kiwandani. Betri ni nzuri. Bolti za usukani zimekazwa vibaya, na nyaya zimepitishwa kana kwamba Mtwara haina bahari. Kazi ni ya mafundi walewale, ndani ya chumba kilekile, kwa hiyo tofauti haitokani na ujuzi. Inatokana na mgawo wa kazi. Kwenye gurudumu mashine imepewa kazi ya mashine na mkono kazi ya mkono. Kwenye bolti mashine imepewa kazi ya mkono. Kwenye nyaya hakuna aliyepewa kazi hasa. Zinafungwa mwishoni kabisa, mteja akiwa tayari amesimama mlangoni.

Gurudumu ndilo linalostahili maneno mengi, maana ndilo linaloanza kuharibika huku kwetu. Mota ya gia iliyo ndani ya habu ina uzito wa kama kilo 3. Weka madumu mawili ya maji ya lita 20 kwenye keria, ni kilo 40 nyingine, na mwendeshaji juu yake. Mzigo wote huo unakaa juu ya spoku 36, kwenye njia ya mchanga kama ya kwenda Msimbati, au barabara ya changarawe iliyojaa mawimbi madogomadogo. Spoku ikikatika, ya pili na ya tatu zinafuata ndani ya siku chache, kwa sababu mzigo wake unahamia kwa majirani.

Tatizo la kwanza ni kwamba spoku ya mota huikuti dukani. Baiskeli ya kawaida ya inchi 26 inatumia spoku ya karibu milimita 260. Habu ya mota ni pana kama sahani, kwa hiyo umbali kutoka habu hadi ringi unapungua, na spoku inakuwa ya milimita 200 hadi 220 kutegemea mota. Mtu aliyekatikiwa na spoku Tandahimba au Newala hawezi kuipata sokoni. Karakana hii ina mashine ndogo ya kukata spoku na kuzipiga uzi, ya kuzungushwa kwa mkono, na kwa maoni yetu kifaa hicho kimoja ndicho kinachoifanya huduma yao istahili bei yake. Mashine haichongi uzi. Rola zake zinakibana chuma mpaka uzi unainuka wenyewe, ndiyo maana spoku ya milimita 2 inatoka na uzi mnene kuliko mwili wake, milimita 2.2 na ushee. Uzi wa kuchonga unakula chuma, na spoku inakatikia hapohapo kwenye uzi. Ukipewa spoku iliyokatwa kwingine, iweke sambamba na macho: uzi ukiwa mwembamba kuliko mwili, irudishe.

Urefu unatakiwa usipishane zaidi ya milimita 1 kati ya spoku na spoku za upande mmoja. Hapa mashine haina mpinzani. Spoku 36 zilizokatwa kwa kizuizi kimoja zinalingana, za kukatwa kwa jicho na hakisoo hazilingani hata kidogo.

Kusuka ni kazi ya mkono. Zipo mashine za viwandani za kusuka na kunyoosha magurudumu, kampuni ya Holland Mechanics ya Uholanzi inajulikana kwa kuzitengeneza, lakini kwa karakana inayofunga baiskeli chache, na kwa habu yenye waya mnene unaoning'inia kutoka kwenye ekseli, mkono ni mwepesi na salama. Mafundi wa hapa wanasuka msalaba mmoja, yaani kila spoku inakatana na moja tu kabla ya kufika kwenye ringi. Hilo ni sahihi. Ukisuka misalaba mitatu kwenye habu pana, kama ilivyozoeleka kwenye baiskeli za kawaida, spoku inaingia kwenye ringi imelala, nipeli (nati ndogo inayoishika spoku kwenye ringi) inapinda shingo, na inakatikia kichwani. Wanakumbuka pia kuweka washa ndogo ya shaba chini ya kichwa cha kila spoku pale tundu la habu linapokuwa kubwa. Wengi wanairuka hatua hiyo. Spoku inayocheza ndani ya tundu lake inajisaga taratibu na kukatika kwenye kona, na mwenye baiskeli analaumu ubora wa spoku.

Baada ya kusuka, mashine inarudi kwa muda mfupi. Wanatumia bisibisi ya umeme yenye pini katikati ya ncha: pini ikigusa mwisho wa spoku, ncha inaruka nje ya nipeli. Kwa njia hiyo nipeli zote 36 zinaanza zikiwa zimeingia kina kilekile, na gurudumu linaanza likiwa karibu limenyooka. Kuanzia hapo umeme unazimwa. Fundi anashika ufunguo wa nipeli na kuendelea kwa robo mzunguko, na kila baada ya raundi moja anapitisha geji ya kupimia mkazo.

Hatua inayofuata ndiyo inayotofautisha gurudumu hili na mengine. Gurudumu likishanyooka, fundi analitoa kwenye stendi, analilaza mapajani, anashika spoku mbili zinazokwenda sambamba kwa kila mkono na kuzibana kwa nguvu, jozi baada ya jozi mpaka amezunguka. Unasikia mlio mdogo, tik, tik, kila kichwa kinapokaa mahali pake ndani ya habu na kila spoku iliyojisokota inapojifungua. Kisha analirudisha stendi na kukuta limepinda tena kidogo. Analinyoosha upya. Raundi tatu kama hizo zilihitajika kabla gurudumu halijaacha kubadilika. Hakuna mashine ndogo inayofanya hivyo. Gurudumu lililorukishwa hatua hii linalia njiani siku ya kwanza na kulegea ndani ya wiki.

Vipimo vya magurudumu matatu tuliyokagua: kucheza kwa pembeni hakukuzidi milimita 0.4, ambapo kwa baiskeli ya breki za diski milimita 0.5 inakubalika. Mkazo wa spoku za upande wa mnyororo ulikuwa kati ya kilo 96 na 113. Kilo 100 hadi 120 ndiyo shabaha ya kawaida, na kupishana kwa chini ya asilimia 20 kwa spoku za upande mmoja ni kazi nzuri. Upande wa pili mkazo uko chini, na lazima uwe chini, kwa sababu ringi imevutwa upande mmoja kupisha gia. Mtu asikudanganye kwamba pande zote za gurudumu la nyuma zinatakiwa kulia sauti moja ukizigonga kwa kucha. Za upande mmoja ndizo zilingane.

Kuna jambo moja kwenye gurudumu ambalo tungeomba wabadilishe. Wanatumia spoku namba 12, zenye unene wa milimita 2.6, wakiamini nene ndiyo imara. Kwa ringi nyepesi si kweli. Spoku inafanya kazi kwa kunyumbuka kama mpira. Nene mno hainyumbuki, kwa hiyo ringi ikibonyea kidogo kwenye shimo, spoku inalegea kabisa kwa sekunde hiyo, nipeli inajifungua, na safari inayofuata gurudumu limekwishaanza kucheza. Tena matundu ya ringi yanalazimika kutobolewa zaidi ili nipeli kubwa ipite, na ringi inaanza kupasuka pembeni mwa tundu. Namba 13, milimita 2.3, ingebeba mzigo uleule na kukaa muda mrefu zaidi. Ukiagiza, omba namba 13. Wanazo, na mashine yao inazipiga uzi bila shida.

Twende kwenye betri. Seli ni za aina ya 18650, 65 kwa jumla: makundi 13 yaliyopangwa mfululizo, kila kundi seli 5 zilizounganishwa sambamba. Kila seli ina ampea-saa 2.6, tano zinafanya 13. Ikijaa, kila kundi lina volti 4.2, na betri nzima volti 54.6. Namba hizo mbili zikae kichwani, maana chaja yoyote inayosoma tofauti na 54.6 si ya betri hii, hata kama plagi inaingia.

Seli zinapimwa na mashine ya ncha nne inayosoma volti na ukinzani wa ndani kwa pamoja, kisha zinapangwa makundi kwa kulingana. Kazi hii ukiifanya kwa mita ya kawaida unapata volti tu, na volti peke yake haisemi kitu: seli iliyochoka inaweza kusoma 3.60 sawa na mpya, ikaanguka mara tu inapobebeshwa mzigo. Kundi moja lenye seli dhaifu ndilo linaloisha kwanza, bodi ya ulinzi, ile inayoitwa BMS, inakata umeme, na baiskeli inasimama ikiwa makundi 12 mengine bado yana chaji. Betri nyingi zinazodaiwa kufa mapema zina ugonjwa huo tu.

Kabla ya kuchomelea, mkono unaweka pete ya karatasi ngumu kwenye kichwa chanya cha kila seli. Pete 65. Inaonekana kazi ya mtoto, lakini ganda lote la seli ni hasi, hadi kwenye bega linalozunguka kichwa chanya, na kinachotenganisha viwili hivyo ni plastiki nyembamba ya nje. Utepe wa nikeli unaounganisha seli ukitikisika barabarani na kuikata plastiki, hapo kuna moto. Kwenye betri iliyofunguliwa mbele yetu pete zote zilikuwepo.

Kuchomelea utepe ni kazi ya mashine, na hapa ndipo umeme wa ukutani unapoingilia. Mashine yao ni ya transfoma, inavuta moja kwa moja kutoka kwenye soketi. Volti 230 zikishuka, kama inavyotokea jioni majumba yote yakiwasha taa na friji, pigo la mashine linapungua nguvu na doa la kuchomelea linakuwa juujuu. Kwa macho huwezi kulitambua. Unalitambua kwa koleo: vuta utepe wa jaribio kutoka kwenye seli mbovu. Doa zuri linachanika na kuacha vipande viwili vya mviringo vya nikeli vimeng'ang'ania kwenye seli, na matundu mawili kwenye utepe. Doa bovu linabanduka safi kama stika. Mafundi wanafanya jaribio hili asubuhi wanapoanza. Tunashauri walirudie kila baada ya betri moja, na kazi ya kuchomelea ibaki ya mchana. Mashine ya kapasita, inayojaza nguvu yake kwanza kisha inapiga, ingemaliza tatizo hili.

Utepe wenyewe uwe nikeli tupu, unene wa milimita 0.15 au 0.2. Kuna utepe wa chuma uliopakwa nikeli, unafanana kabisa na unauzwa kwa bei ndogo. Kwa mji wa bahari usiukubali. Kwaruza kipande kwa msasa, kitie kwenye glasi ya maji ya chumvi, ukiache humo usiku kucha. Asubuhi chuma kimepiga kutu na nikeli imebaki ilivyo. Kipande cha karakana hii kilibaki safi.

Waya nyembamba za BMS ni 14, moja ya hasi na moja kwa kila kundi. Zinaunganishwa kwa mkono na kwa subira, na kosa lake ni la papo hapo: ukikosea mpangilio, bodi inaungua siku hiyohiyo. Kipimo chake ni rahisi. Kabla ya kuchomeka soketi kwenye bodi, weka mkia mweusi wa mita kwenye waya wa hasi na upitishe mwekundu waya baada ya waya. Kila waya unatakiwa uongezeke kwa kundi moja: 3.6, kisha 7.2, kisha 10.8, hadi mwisho. Namba ikiruka au ikirudi nyuma, simama hapo. Waya mnene wa hasi wa bodi unafungwa kwanza, soketi inafuata.

Wana pia mashine ya kuimaliza betri kwa mzigo wa kupimwa. Ukiiweka ampea 5, betri ya ampea-saa 13 inachukua saa mbili na nusu na zaidi kidogo kuisha, na mashine inaandika kilichotoka. Inasikitisha kwamba hawaitumii mpaka mteja aombe. Omba. Lipia hata huo muda wa ziada. Tuliyopima ilitoa ampea-saa 12.6, jibu zuri kwa seli za aina hii. Ikitoa 10 usiichukue.

Kutokana na hapo unaweza kujipigia hesabu ya umbali bila kutegemea maneno ya muuzaji. Volti 46.8 za wastani mara 13 ni kama wati-saa 608. Usitumie zote, acha asilimia 20, zinabaki karibu 487. Ukikanyaga kidogo kwenye lami utakula wati-saa 12 kwa kilomita, hiyo ni kilomita 40. Ukiachia mota peke yake bila kukanyaga, na mzigo, hesabu 18 au 20, ni kilomita 25 hivi. Kwenye mchanga mzito zinaweza kufika 25 kwa kilomita, na hapo kilomita 19 zimetosha. Mtwara hadi Mikindani na kurudi ni kazi nyepesi. Mtwara hadi Lindi, zaidi ya kilomita 100, sahau bila betri ya pili na bila pa kuchaji katikati. Chaja yao ni ya ampea 2, kwa hiyo kutoka sifuri hadi kujaa ni saa 7 au 8, usiku mzima.

Sasa bolti. Baiskeli hizi zina bolti za M5 kwenye shingo ya usukani, zinazoingia kwenye alumini. Kiasi chake ni nyutoni-mita 5 hadi 6, yaani nguvu ya vidole kwenye ufunguo mfupi. Karakana inazikaza kwa drili ya kugongagonga, ileile ya kufungulia nati za gari. Kwenye baiskeli moja kati ya tatu, bolti ya shingo ilikuwa inazunguka bila kukamata, uzi wa alumini umekwisha. Shingo ikiachia usukani kwenye mteremko wa Newala, hilo si jambo la kurekebisha tena kwa spana. Drili hiyo ina kazi zake, kwa mfano nati za stendi na keria. Kwa usukani, breki na diski, watumie spana ya kupimia nguvu, ambayo ipo ukutani pale na inaonekana haishikwi sana. Bolti sita za diski zinakazwa kwa zamu za kukatana kama nyota, nyutoni-mita 4 hadi 6. Kranki ni 35 hadi 40. Pedeli kiasi hichohicho, na ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, inafungwa kwa kugeuza kushoto.

Nati za ekseli ya mota ndizo pekee zinazohitaji nguvu kubwa kwelikweli, karibu nyutoni-mita 40, na hata hizo hazitoshi peke yake. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Ekseli imechongwa bapa pande mbili ili isizunguke ndani ya fremu, lakini kingo hizo zinakula chuma cha fremu kidogokidogo. Lazima pawe na mkono wa kuzuia, kile kibamba cha chuma kinachoshika ekseli upande mmoja na kufungwa kwenye fremu upande wa pili. Baiskeli zote tatu zilikuwa nacho upande mmoja tu. Kwa wati 500 kwenye fremu ya chuma inatosha. Fremu ikiwa ya alumini, dai viwili. Ekseli ikizunguka inakata waya wake yenyewe, na mota imekwisha.

Vikombe vya beringi za usukani vinaingizwa kwa presi, vinakaa sawa, hakuna la kulalamika. Breki zimerekebishwa vizuri; kilichosahaulika ni kumwambia mteja azizoeshe, yaani mwendo wa wastani kisha breki ya nguvu bila kusimama kabisa, mara 20 hivi, ndipo pedi zinapoanza kushika.

Nyaya ndiyo sehemu tunayotaka mwenye karakana aisome mara mbili. Waya wa mota unatoka kwenye ekseli ya nyuma. Kwenye baiskeli hizi umepandishwa juu moja kwa moja kando ya fremu, na soketi yake imefungwa kwa utepe mweusi chini ya keria. Sasa fikiria anayeinunua. Mara nyingi ni mchuuzi wa samaki, na juu ya keria kuna tenga. Barafu inayeyuka, maji ya samaki na chumvi yanadondoka kutoka kwenye tenga, yanafuata waya kama mfereji, yanaingia kwenye soketi, kisha yanateremka hadi kwenye tundu la ekseli na kuingia ndani ya mota. Utepe mweusi hauyazuii. Unayafungia ndani. Baada ya wiki kadhaa pini za sensa, zile zinazosoma mota imefika wapi katika mzunguko wake, zimekuwa kijani, mota inatetemeka inapoanza, halafu inakataa kabisa.

Dawa yake haihitaji mashine wala fedha nyingi. Waya utoke kwenye ekseli ukiangalia chini, uteremke kidogo kisha ndipo upande, ili tone la maji liishie kwenye kona ya chini na kudondoka. Soketi ihamishwe kutoka chini ya keria hadi kwenye bomba la fremu linaloelekea mbele. Pini zipakwe grisi ya umeme, ile nyeupe isiyopitisha umeme, kabla ya kuchomekwa. Soketi za mota zina mishale miwili midogo, mmoja kila upande. Itazamane kwanza, ndipo usukume wima. Ukisukuma huku ukizungusha, pini inalala, na hutajua mpaka baiskeli ikatae. Mwenye tenga aweke plastiki nene chini ya tenga, na akirudi jioni amwagie gurudumu maji baridi kwa kopo. Asitumie maji ya presha, yanavunja sili. Anayevuka mara kwa mara na kivuko cha Msangamkuu afanye vivyo hivyo.

Jambo jingine la nyaya ni upande wa mbele. Geuza usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Kwenye baiskeli mbili kati ya tatu waya wa breki ya nyuma ulikuwa unakaza na kuvuta lever kidogo, kiasi cha kukata mota katikati ya kona. Kata vifungo vya plastiki, acha waya sentimita 4 au 5 za kupumua, funga upya.

Viungo vya waya mnene kati ya betri na kontrola, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota, vimebanwa kwa koleo la kawaida. Kontrola hii inavuta hadi ampea 20. Kiungo kilichobanwa nusu kinapata joto, plastiki inalainika, na harufu ndiyo taarifa ya kwanza. Hapa mashine ndiyo ilitakiwa: koleo lenye meno ya kufunga lisiloachia mpaka limefika mwisho. Tuliendesha baiskeli moja dakika 15 kwa mzigo, kisha tukashika viungo. Kimoja kilikuwa cha moto kiasi cha kuondoa mkono. Kiunganishwe upya.

Siku ya kuchukua baiskeli, usikubali ikabidhiwe gurudumu likiwa linazunguka hewani tu. Ukiwa bado umeliinua, fungulia aksileta na ubonyeze breki ya kulia, kisha ya kushoto. Mota izime papo hapo kwa kila moja. Tazama ampea kwenye skrini gurudumu likizunguka bure: chini ya 2 ni sawa, 3 na zaidi ina maana nyaya za rangi tatu za mota zimeunganishwa kwa mpangilio usiolingana na sensa, hata kama gurudumu linazunguka mbele. Halafu ipande, ibebeshe mzigo wako halisi, nenda kilomita 5, urudi ushike mota, kontrola na viungo kwa kiganja. Vuguvugu ni kawaida.

Kwa wakulima wanaoitumia zaidi msimu wa korosho na kuiegesha miezi inayofuata: betri isihifadhiwe imejaa wala imeisha. Iache kwenye volti 48 hivi, itoe kwenye baiskeli, iweke ndani ya nyumba ya chumba chenye hewa, siyo stoo ya mabati inayowaka mchana, na uipime kila mwezi.

Malipo ya karakana hii yako juu ya ya fundi wa kibarazani. Kwa gurudumu na betri tungelipa bila kusita. Kwa nyaya, mpe fundi maelekezo yaliyoandikwa hapo juu kabla hajaanza kufunga, maana kubadilisha baadaye ni kufungua nusu ya baiskeli. Na ukishatembea kilomita 100 za kwanza, irudishe spoku zikazwe. Raundi hiyo hawatozi, na inachukua kama nusu saa.